Kibodi imejaa vumbi la Dodoma, herufi A imegoma. Naisafishaje bila kuiua?

MamaStesheneri_Dom

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, na msinicheke.

Nina kibanda cha stesheneri huku Ng'hong'onha, njia wanayopita wanafunzi wa UDOM. Nachapa, natoa kopi, nabana ripoti kwa spairo, na pembeni nauza karanga, ubuyu na maji ya baridi. Barabara ya mbele ni ya vumbi. Wa Dodoma mnaijua hii miezi ya saba na ya nane: mvua tulishaagana nayo kitambo, upepo ukianza asubuhi hautulii, na kila bodaboda ikipita inaniachia vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nafuta meza, nageuka kumpa mteja chenji, nikirudi naweza kuandika jina langu mezani kwa kidole.

Sasa kibodi. Ni ile ya kawaida ya waya, ya kompyuta ya mezani, nilinunua 18,000 miaka mitatu iliyopita. Wiki ya pili hii herufi A haiandiki mpaka uitwange kama unatwanga kisamvu. Spesi nayo ikishuka haipandi yenyewe, naiinua kwa ukucha.

Na ubaya wa A, ndiyo Kiswahili chenyewe. Ingekuwa Q au X imekufa nisingejua hadi Krismasi.

Juzi kaja kijana wa idara ya Kiswahili na ripoti yake, kurasa 60, mwandiko kama kuku wamepita. Nimechapa mpaka saa saba usiku, nimetoa nakala tatu, nimebana. Kompyuta yangu haina kamusi ya Kiswahili, inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, kwa hiyo ile mistari mimi macho yangu yalishaacha kuiona. Asubuhi kijana kafungua ukurasa wa pili hapo hapo mbele yangu. Juu kumeandikwa SHUKRNI. Chini yake: "Nmshukuru msimmizi wngu wa Chuo Kikuu ch Dodom."

Kasoma, kanyamaza, halafu kaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, hii ni lahaja ya wapi?"

Nakala tatu mpya, karatasi zangu, wino wangu. Na wakati nahangaika kurekebisha akapata muda wa kunifundisha kwamba hicho kitu hakiitwi kibodi, kinaitwa baobonye. Sawa, mdogo wangu. Baobonye imejaa mchanga.

Jioni nikaigeuza juu ya gazeti nikaipiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Kilichodondoka: mchanga mwekundu kama kijiko cha chai hivi, maganda ya karanga yale mekundu membamba, makombo ya maandazi, pini mbili za stepla, na nywele za rasta, maana jirani yangu ni saluni. Na mbegu moja ya ubuyu. Nilishangaa imeingiaje, sijashangaa imetoka wapi.

Bado A inagoma. Nikachukua sanitaiza, ile iliyobaki enzi za korona, nikamwagia kidogo kati ya vitufe. Sasa spesi imekuwa mbaya kuliko mwanzo, inanata.

Ushauri wa mtaani niliopewa mpaka sasa ni huu. Mdogo wangu: nipeleke gereji ya bodaboda waipulizie kwa kompresa. Jirani wa saluni: nipanguse kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Baba mwenye nyumba: niitumbukize nzima kwenye beseni la sabuni ya unga, nianike kwenye kamba. Nimeogopa wote watatu. Naombeni aliyewahi kufanya kweli aniambie.

Kijeba_wa_Chadulu

Nunua nyingine dada. 18,000 tu.

MamaStesheneri_Dom

Kaka, 18,000 ni kurasa 36 za kuchapa kwa bei yangu. Na hiyo mpya nayo itakaa barabara hii hii.

FundiMajengo

Dada pole. Mimi ni fundi kompyuta, nipo karibu na soko la Majengo, na kuanzia mwezi wa sita hadi mvua inyeshe, kazi ninayoletewa kuliko zote ni vumbi. Ngoja nikueleze taratibu, maana umeshaanza vibaya na hiyo sanitaiza.

Sanitaiza ya mkono ina spiriti, kweli, lakini ile ya ute ina na vitu vya kulainisha ngozi. Spiriti inapaa, ute unabaki. Umeipaka gundi, vumbi likija linanasa. Ulichokuwa unakitaka ni spiriti ya famasi ile nyeupe ya maji, asilimia 70 na kuendelea, na hiyo hamwagi mtu, unalowesha kitambaa au kijiti cha pamba cha masikioni. Ile ya zambarau ya kuwashia jiko achana nayo, ina rangi.

Asetoni usithubutu. Ni kweli inasafisha, inasafisha mpaka herufi zenyewe. Plastiki ya vitufe vingi ikiguswa na asetoni inalainika na kuchubuka. Mwambie jirani aibakize kwenye kucha.

Kompresa ya gereji: imetengenezwa kujaza tairi. Ndani ya lile tenki kuna maji, fundi pikipiki yeyote atakuambia kila siku anayamwaga kwa chini, na mara nyingi kuna na mafuta kidogo. Nimewahi kuletewa kibodi iliyotoka huko, vitufe vimeruka kama panzi, kijana kaleta vingine kwenye mfuko wa Rambo na vingine hakuviona tena. Cha pili, upepo mkali hautoi vumbi tu, unalisukuma likaingie chini zaidi. Ukikosa bloa, ile mashine ndogo ya kupulizia vumbi, tumia pampu ya baiskeli yenye ile sindano ya kujazia mpira wa miguu. Inatosha. Simamisha kibodi, isilale chali, iwe imeinuka karibu wima, puliza kwa mkato kutoka kushoto kwenda kulia, halafu igeuze upulize tena. Vumbi lipate pa kuangukia.

Madukani kuna na makopo ya upepo. Ukilipata, lishike limesimama wima. Ukililaza au ukilitikisa linatema kimiminika cha baridi kali badala ya hewa.

Sasa hiyo A. Ukisema inaandika ukiitwanga, maana yake kwa chini kabisa umeme upo mzima, ila kitufe hakishuki chote. Kuna kitu kimekaa kwenye kile kishimo ambamo mguu wa kitufe unapita. Itabidi ukitoe.

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa kibodi.
2. Piga picha kibodi nzima kwa simu. USIRUKE HII.
3. Chukua waya mwembamba, ule wa kufungia mifuko ya mkate au klipu mbili za karatasi ulizozinyoosha, upinde uwe na ndoano mbili. Pitisha chini ya kitufe pande mbili zinazotazamana, vuta juu moja kwa moja. Kitalia "tak". Ukitumia bisibisi upande mmoja utavunja mguu.
4. Vitufe vitie kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji. Si ya moto. Suuza, anika kivulini. Hewa ya huku kavu, havichelewi, ila vilaze mpaka kesho, maana tone la maji hupenda kujificha ndani ya ule mguu. Juani usianike, plastiki nyeupe inageuka njano.
5. Kitako kilichobaki, brashi ya rangi ya inchi moja, mpya, kavu. Kisha kijiti cha pamba chenye spiriti kuzunguka kila kishimo.

Spesi, Enta na Shifti zina waya wa chuma chini yake, wa kuzuia kitufe kisilale upande mmoja. Hizo toa taratibu na uangalie waya umeshikwa wapi KABLA haujatoka. Wengi wanalilia hapo.

Beseni la baba mwenye nyumba ndilo la mwisho kabisa, tena kwa kibodi uliyoshakata tamaa nayo. Zipo zinazopona. Mimi nisingejaribu na ya kazi.

Mnyampaa_Singida

Fundi umesahau njia rahisi. Chukua unga wa ngano, kanda kama wa chapati, ugumu kidogo, bonyeza juu ya kibodi kisha ubandue. Makombo yote yanakuja nao. Sisi huku Singida ndivyo tunavyofanya ofisini.

FundiMajengo

Mnyampaa, kinachobaki kwenye mianya ni nini? Unga. Na unga ukikauka ni nini? Gundi ya mabango. Halafu sisimizi wanahamia. Mwaka jana niliifungua moja, nikakuta sisimizi wana barabara yao kutoka Bekispesi mpaka kwenye namba.

Mnyampaa_Singida

Kumbe wale wa kwetu ndio wametokea huko 😂 nilidhani ni asali.

Mtumishi_Mtumba

Nadandia uzi kidogo, samahani mwenye uzi. Yangu ni laptopu, mali ya ofisi. Nayo ina mchanga, nikibonyeza E inakwaruza kama kuna kokoto. Njia hiyo ya ndoano za waya naweza?

FundiMajengo

HAPANA ndugu yangu. Vitufe vya laptopu vimekaa juu ya kijimkasi cha plastiki chembamba kama kucha. Kikivunjika hakirudi, na bei yake utaambiwa ununue kibodi nzima. Wewe zima, ifungue, ishike kwa kuiinamisha karibu wima, puliza kwa pampu au bloa, igeuze upande wa pili, puliza tena. Brashi laini. Kokoto ikikataa, lete kwa fundi au ipeleke kwa watu wa TEHAMA wa ofisi yako, maana ni mali ya umma, ukiivunja utaandika maelezo.

Mtumishi_Mtumba

Na kama ilishamwagikiwa chai ya maziwa? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

FundiMajengo

Mwambie rafiki aizime sasa hivi kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, achomoe chaji, aifungue kama hema na kuiegemeza hivyo vitufe vikitazama chini, asiiwashe kujaribu jaribu. Maji matupu mtu anaweza kusubiri yakauke siku mbili. Chai ya maziwa na sukari, hiyo inabaki ndani hata ikikauka, inatakiwa ifunguliwe isafishwe. Mchele hausaidii, uleni tu.

Mhazili_Mstaafu

Hamjambo wanangu. Nimesoma nikacheka hiyo "lahaja ya wapi", lakini nimekuonea huruma mwenye kibanda, maana nami nimekula mkate wa kuchapa maisha yangu yote. Nilianza 1984 kwenye taipureta ya Olympia, na nilihamia hapa Dodoma 2017 na wizara yangu, tukiwa na maboksi na mafaili.

Enzi zetu uchafu ulionekana kwenye karatasi. Herufi zenye tumbo, a, e, o, zilijaa wino wa riboni na mavumbi, ikawa o inatoka kama tone jeusi. Bosi anakurudishia barua bila neno, kaizungushia tu kalamu nyekundu. Kila Ijumaa mchana tulikuwa tunatoa brashi ngumu na spiriti, tunasugua herufi moja moja, na tumbo la a tulilitoboa kwa sindano ya kushonea. Ukimaliza, unaifunika kwa kofia yake. Mhazili aliyeondoka bila kuifunika mashine aliitwa asubuhi.

Sasa ninyi kibodi zenu zimelala uchi usiku kucha. Huko ndiko shida inakoanzia, mwanangu. Dar tulipambana na unyevu na chumvi ya bahari, vyuma vinashika kutu. Hapa ni hili vumbi jembamba kama poda, halihitaji upenyo. Nakuuliza: mlango wa kibanda chako unatazama wapi? Na unafagia saa ngapi, kabla ya kufunua mashine au baada?

MamaStesheneri_Dom

Shikamoo mama. Mlango unatazama mashariki, barabarani. Nafagia nikishawasha kompyuta, ili ipate muda wa kuwaka, maana ni nzito.

Mhazili_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umejijibu. Upepo wa hapa miezi hii unatoka huko huko mashariki, unaingia mlangoni unakuta kibodi imetega kifua. Zungusha meza, mgongo wa skrini ndio uutazame mlango. Nyunyiza maji sakafuni kwanza, fagia, subiri vumbi litulie, ndipo ufunue mashine. Na usifagie kwa ufagio mkavu mchana wateja wakiwemo.

Na karanga? Unauza, sawa, biashara. Unakulia wapi?

MamaStesheneri_Dom

Mama hilo tuliache 🙈

FundiMajengo

Mama heshima yako. Hapo kwenye kufunika hata mimi fundi sisemi maana nakosa kazi. Ila dada, usifunike kwa nailoni ikiwa kompyuta inawaka, vitundu vya hewa vya mashine viachwe. Kitambaa juu ya kibodi, basi.

MamaStesheneri_Dom

MREJESHO

Wakuu, jana Jumapili baada ya ibada nilifunga kibanda nikaifanya kazi. Nawaletea kama ilivyokuwa.

Picha nilipiga. Waya nilitumia klipu za karatasi, ninazo boksi zima. Kitufe cha kwanza kutoa ilikuwa F12, nikisema hata kikivunjika sijawahi kukijua kazi yake. Kikalia "tak" kweli, nikashtuka, nikakitazama mguu, mzima. Kuanzia hapo mkono ukazoea.

Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyeosha, kwenye chujio la chai, visipotee na maji. Nikavianika kwenye ungo, kivulini, chini ya mwarobaini. Vitufe mia na kitu vimetandazwa kwenye ungo kama dagaa. Nimeingia ndani dakika mbili, natoka nakuta kuku wa jirani anadonoa. Amekula? Tumehesabu na binti kwa kufuata picha. Vyote vipo, ila F5 ina alama ya mdomo.

Nikarudi kwenye kitako. Jamani. Kikiwa na vitufe nilikuwa nakiona kichafu, bila vitufe kilikuwa kama shamba la mahindi baada ya kuvuna. Kati ya mistari kuna matuta ya mchanga mwekundu, yamejipanga, na juu yake nywele za rasta zimepita kama nyasi. Nikapiga pampu ya baiskeli ya kijana wa maji, mara kumi hivi, nikifunga macho. Kisha brashi.

Kwenye kishimo cha A ndipo nilipomkuta mchawi wangu. Ganda la karanga, dogo, lile jekundu, limejikunja kama sigara na limejibana kati ya ukuta wa kishimo na pale mguu unaposhukia. Limeshikwa na unga wa ubuyu wenye sukari, umekuwa mgumu kama gamba la kidonda. Nilidokoa kwa sindano, mama Mhazili nilikukumbuka, kikatoka kipande kimoja. Nimekibandika kwa selotepu ukutani pale ninapobandika majina ya wanaodaiwa.

Q na X zilikuwa safi kabisa. Vitufe vyenyewe vinang'aa, herufi nyeupe kama siku nilipovinunua. A yangu imefutika nusu, imebaki kama Λ. I nayo inaelekea huko. Q na X wamekula mshahara bure miaka mitatu.

Spesi ilinitoa jasho. Ule waya wa chuma ulikuwa umevaa sanitaiza iliyoganda na mchanga juu yake, mweusi tii. Nimeupangusa kwa spiriti ya famasi mara tatu ndipo nikauona rangi yake. Kuurudisha, mara ya kwanza spesi imekaa upande mmoja juu, kama meza ya miguu mitatu. Mara ya pili ikaruka. Mara ya tatu nikaanza kuingiza waya kwenye vijindoano vya kitako kwanza, halafu ndipo nikabonyeza kitufe juu yake, ikakaa. Fundi ungesema hilo mapema ningeokoa nusu saa, lakini nakushukuru.

Leo asubuhi nimewasha. A unaigusa tu, inaandika. Nikaandika aaaaaaaa mstari mzima kwa furaha. Mteja wa kwanza mzee mmoja, barua ya kuomba kurekebishiwa jina la kiwanja. Nimechapa, nimetoa, nimesoma kabla sijampa, nashukuru Mungu nimesoma: "Nini mi nkazi wa Dodona."

M na N nimevibadilishana. Picha ninayo kwenye simu, nimepiga mwenyewe, na bado.

Meza nimeshaizungusha. Kijana wa SHUKRNI kapita mchana kumleta mwenzake, naye ana ripoti ya kurasa 48. Wote wawili wameshika karanga mkononi, tena karanga zangu, wamenunua hapo hapo. Nimewaonyesha benchi la nje.

FundiMajengo

Safi sana dada. Hilo la waya wa spesi nakubali kosa, nilidhani kila mtu anajua. Hiyo A iliyofutika usinunue stika zile za bei rahisi, gundi yake joto la huku linaitoa ikatembea. Umeshajua ilipo kwa kidole, iache.

Kijeba_wa_Chadulu

Mimi nilisema anunue nyingine. Sasa naombeni hiyo namba ya spiriti, asilimia ngapi vile?

FundiMajengo

70 kwenda juu. Ya maji, si ya ute. Soma uzi wewe.

Mhazili_Mstaafu

Hongera mwanangu. Na kitambaa cha kufunikia?

MamaStesheneri_Dom

Kipo mama. Nimekata kanga kuukuu ya "Wema hauozi". Kibodi imepata WEMA, printa imepata HAUOZI.